Sufuri Kwenye Cheti: Mwanamme Asiye na Mbegu na Kipimo cha Vinasaba

Mtoto wa ami yangu aliniletea picha kwa WhatsApp kutoka Wete, Pemba, usiku, watu wameshalala. Ilikuwa picha ya cheti cha maabara kilichokunjwa mara nne kikakunjuliwa, na kwenye mstari wa idadi ya mbegu pameandikwa sufuri. Chini yake kaandika: "Kaka, soma hapo. Ndo basi tena?"

Ana miaka 34, na ndoa yake ina miaka 6. Katika miaka hiyo mkewe amepimwa homoni, amepigwa ultrasaundi mara tatu, amepigwa picha ya mirija, amekunywa kombe, amefukizwa, na kila sikukuu amekaa kimya huku mawifi wakimwangalia tumbo. Mume hakuwa amepimwa hata mara moja mpaka mwezi ule, na alikwenda kwa siri.

Mimi kazi yangu ilikuwa maabara, na vyeti vya namna hiyo nimevisoma vingi. Nilimjibu kuwa sufuri ile inaweza kuwa na maana nne au tano zilizo mbalimbali kabisa, na mojawapo hutibika kwa sindano tu. Mambo niliyomwandikia usiku ule na siku zilizofuata ndiyo ninayoyaeleza hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye cheti kilichokunjwa mfukoni.

Kwanza tutenganishe maneno, maana sisi wenyewe tunayachanganya na kuumizana kwayo. Kukosa nguvu za kiume ni kitu kimoja, kukosa mbegu ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote, sauti nzito, ndevu, na mke asiye na lalamiko lolote, lakini asiwe na mbegu hata moja. Na manii si mbegu. Yale maji karibu yote hutoka kwenye tezi za ndani, tezidume na wenzake. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno, hazionekani kwa jicho. Mwenye sufuri anaona manii yake sawa na ya mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana wanaume wengi huapa kwamba wao wazima, nao wanaapa kwa kile wanachokiona.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 ikisema karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake. Kwa kiasi cha nusu ya wanandoa wanaohangaika, upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Sasa linganisha kipimo cha mume na alivyopitia yule shemeji yangu. Cha mume ni kikombe kisafi na hadubini. Kwa bei, kwa maumivu na kwa muda, ndicho kilichopaswa kutangulia. Nalisema hili bila kuzunguka: kumpeleka mke kwenye vipimo vya kuingizwa vyombo mwilini kabla mume hajatoa manii yake yapimwe ni dhulma, hata kama hakuna aliyekusudia kudhulumu.

Kipimo chenyewe kina masharti. Mume ajizuie siku 2 hadi 7, si chini wala si zaidi. Manii yote yaingie kikombeni, kwa sababu tone la mwanzo ndilo lenye mbegu nyingi, likimwagika matokeo yameharibika. Yafike maabara ndani ya saa moja, yakiwa na joto la mwili, yasiwekwe kwenye friji. Anayetoka Makangale au Kojani hawezi kuyabeba kutoka nyumbani akafika kwa wakati, kwa hiyo aombe chumba pale pale hospitali. Wapo wanaoona vigumu kuyatoa kwa mkono kwa sababu za dini. Masheikh wengi huruhusu kwa haja ya tiba, na ikiwa moyo bado mzito, ipo mipira maalumu isiyoua mbegu, mtu akaitumia na mkewe. Mipira ya kawaida ya dukani haifai kwa kazi hii.

Vipimo vya kulinganishia vya mwaka 2021 vya Shirika la Afya Duniani vinaweka mpaka wa chini kwenye mililita 1.4 za manii, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinacheza. Aliye chini ya hapo bado anaweza kuzaa, na aliye juu ya hapo hana hakika ya kuzaa. Kwa sufuri kuna sharti la ziada: maabara isiandike sufuri mpaka iyazungushe manii kwenye mashine na kuangalia machicha yaliyokaa chini. Wakati mwingine mbegu mbili tatu zimejificha pale, na mbegu mbili tatu ni habari tofauti kabisa na sufuri. Tena kipimo kirudiwe. Mbegu huchukua kiasi cha siku 74 kutengenezwa, na siku nyingine kupita njiani, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye kikombe cha leo.

Mtoto wa ami yangu alirudia. Sufuri tena.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, au huanza safari ya vichupa vya dawa za barabarani. Lakini fikiri habari ya maji nyumbani. Unafungua mfereji, hautoi kitu. Huenda bomba limeziba njiani na kisima kimejaa. Huenda kisima chenyewe kimekauka. Au kisima kina maji na bomba ni zima, ila pampu haikuwashwa. Mferejini yote matatu yanafanana, na fundi atakayechimba kisima kipya wakati bomba ndilo lililoziba atakula pesa zako bure.

Daktari hutofautisha haya matatu kwa mikono yake na kwa damu. Kwa mikono, hupima ukubwa wa korodani, akitumia ushanga wa saizi mbalimbali uliobuniwa na daktari wa Uswisi, Andrea Prader. Huangalia pia kama mishipa ya kupitishia mbegu ipo, maana wako wanaume waliozaliwa bila hiyo mishipa na hawajawahi kuambiwa. Kwa damu, hupima homoni iitwayo FSH pamoja na mwenzake LH, na testosteroni, homoni ya kiume. FSH hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuziita korodani zitengeneze mbegu. Zisipoitika, tezi huongeza sauti. FSH ikiwa juu na korodani ndogo, kisima ndicho chenye tatizo. FSH ikiwa ya kawaida na korodani zimejaa vizuri, shuku bomba. FSH na LH zikiwa chini kabisa, hakuna anayeita.

Hao wa mwisho ni wachache, nami nawataja kwa furaha kwa sababu ndio wanaotibika vizuri kuliko wote. Baadhi yao wamezaliwa na hali inayoitwa Kallmann. Hawakubaleghe sawasawa, ndevu haba, na jambo moja la ajabu, hawasikii harufu. Ukimpitisha kwenye jamvi la karafuu mbichi haimgusi puani. Mtu wa namna hii akipewa sindano za homoni za kuziamsha korodani, kwa miezi kadhaa na wengine mwaka na zaidi, mara nyingi mbegu hutoka zenyewe, na mimba huweza kuingia nyumbani bila maabara.

Na hapo hapo nionye. Sindano ya testosteroni, ile vijana wa mjini wanayochomwa kwa ajili ya misuli au "kuongeza uwanaume", hufanya kinyume. Tezi ikiona testosteroni imejaa kwenye damu hunyamaza, na korodani zisipoitwa husimamisha kazi. Mtu mwenye mbegu nyingi anaweza kufikishwa sufuri ndani ya miezi. Akiacha, kwa wengi hurudi, lakini hungoja miezi sita, mwaka, na wengine zaidi. Anayetafuta mtoto asichomwe testosteroni, hata kama aliyemwandikia amevaa koti jeupe.

Sababu nyingine za kisima zisizohusu vinasaba nizipite haraka, si kwa kuwa ni ndogo. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani iko kwa karibu wanaume 15 katika kila 100, na zaidi kwa wasiozaa. Ikipapasika kwa mkono na mbegu zikiwa pungufu, upasuaji huweza kusaidia. Korodani isiyoshuka utotoni ishushwe kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu, si angojewe aoe. Matumbwitumbwi yakimpata aliyekwisha baleghe yanaweza kushuka korodanini. Kichocho, tunachokijua sana Unguja na Pemba, hakiishii kwenye kibofu. Kwa wanaume hufika kwenye tezidume na kutia damu kwenye manii. Busha lisikaliwe kwa aibu. Na gonorea na klamidia zisizotibiwa huacha makovu yanayoziba bomba.

Sasa vinasaba.

Neno lenyewe limetoka kwenye nasaba, na sisi watu wa nasaba tunalielewa kuliko tunavyojidhania. Karibu kila chembe ya mwili ina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, jozi 23, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Jozi moja ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanamme ana X moja na Y moja. Ile Y mama hana ya kuitoa. Hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, kwa mjukuu wa kiume, kushuka chini hivyo hivyo. Unapotaja jina la mtu na kufuatisha bin fulani bin fulani bin fulani, umefuata njia ile ile iliyopita Y yake.

Ndani ya Y hiyo, kwenye mkono wake mrefu, yamo maelekezo ya kutengeneza mbegu. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Italia, Luciano Tiepolo na Orsetta Zuffardi, waliangalia kromosomu za watu 1,170 na wakawapata wanaume sita wasio na mbegu ambao ncha ya Y yao ilikuwa imekatika. Wakasema pale pana kitu ambacho bila hicho mbegu hazitengenezeki. Baadaye sehemu hiyo iligawanywa mitaa mitatu, ikaitwa AZFa, AZFb na AZFc. Vipande vinavyokosekana ni vidogo mno kwa hadubini, kwa hiyo leo hutafutwa kwa kipimo cha PCR, teknolojia ile ile tuliyoizoea wakati wa Korona, ila hapa kinachotafutwa ni kipande cha Y kwenye damu.

Mtaa gani umekosekana ndilo swali lenye thamani ya pesa. Ikiwa AZFa yote haipo, au AZFb yote haipo, hakuna mbegu itakayopatikana hata korodani ipasuliwe na bingwa wa mabingwa. Daktari mwaminifu atakwambia usifanye upasuaji. Ikiwa ni AZFc tu, na hiyo ndiyo inayotokea zaidi, wengine huwa na mbegu chache kwenye manii, na walio na sufuri karibu nusu yao hupatikana na mbegu korodanini. Kwa bei ya kipimo cha damu mtu anajua kama auze shamba au asiuze.

Mtoto wa ami yangu aliniuliza swali ambalo naamini kila mwanamme wa kwetu angeliuliza. "Sasa hili limetoka kwa nani? Babaangu ana watoto tisa." Nikamwambia swali lako ndilo jibu lako. Mwenye upungufu huo kwa kawaida hazai kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mara nyingi haukurithiwa. Umetokea upya siku yeye alipotungwa. Y ina maandishi mengi yanayojirudia, mstari ukifanana na mstari, kama mwandishi anayenakili akapotea jicho akaruka mistari kadhaa. Hakuna aliyekosea, hakuna husda iliyopita hapo, na mama mkwe hana haja ya kutafuta aliyefunga.

Kipimo cha pili huitwa kariotaipu, nacho huhesabu kromosomu na kuziangalia umbo. Kinachopatikana zaidi kwa wanaume wenye sufuri ni X ya ziada: XXY badala ya XY, jumla 47. Daktari wa Marekani Harry Klinefelter aliieleza hali hiyo mwaka 1942, ingawa ile X ya ziada haikuonekana mpaka mwaka 1959. Hutokea kwa kiasi cha mtoto 1 wa kiume kati ya 600, na wengi hufa wazee bila kujua. Mara nyingi ni warefu, korodani ndogo na ngumu, pengine vifua vimejaa kidogo. Ni wanaume, wanasoma, wanafanya kazi, wanaoa. Ile X imezidi kwa ajali ya mgawanyiko, mara nyingine upande wa baba na mara nyingine upande wa mama. Kujua kuna faida hata nje ya habari ya mtoto, kwa sababu testosteroni yao hushuka mapema, mifupa hudhoofika, na kisukari huwapata zaidi. Kwa zamani waliambiwa hawatazaa abadan. Leo, kwa upasuaji nitakaoueleza, mbegu hupatikana kwa karibu nusu yao, na watoto wanaozaliwa wengi sana huwa na kromosomu za kawaida.

Kariotaipu huonyesha jambo jingine ambalo huku kwetu halisemwi. Wako wanaume ambao vipande vya kromosomu zao vimehama mahali, kimoja kimekwenda kwa mwenzake, lakini hakuna kilichopungua. Mwenyewe mzima kabisa. Tatizo huja anapotengeneza mbegu, baadhi hubeba pungufu na nyingine ziada, na mimba zinaingia kisha zinatoka. Mke akiharibu mimba tatu nne tunamtazama yeye, tunamfunga hirizi, tunamwambia asinyanyue ndoo. Huenda chanzo kimelala kwenye damu ya mume. Kwa mimba zinazoharibika mfululizo, kariotaipu huombwa kwa wote wawili.

Kipimo cha tatu ni cha wale waliozaliwa bila mishipa ya kupitishia mbegu. Manii yao huwa kidogo sana, na mara nyingi wana kasoro kwenye jeni, yaani kinasaba, iitwayo CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989. Kwa watu wa asili ya Kiafrika ni nadra kuliko kwa Wazungu, lakini ipo, na sisi visiwani damu zetu zimetoka pande nyingi. Hapa mbegu kisimani zipo tele, huchukuliwa kwa sindano. Lakini kabla ya hapo mke apimwe jeni hiyo hiyo, kwa sababu naye akiwa na kasoro hiyo, hatari ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa mzito wa mapafu inaweza kufika nusu.

Liko na la kuoana watoto wa ami na wa mjomba. Sisemi kuoana huko ni vibaya. Mimi mwenyewe wazee wangu ni hivyo. Ila zipo kasoro za nadra ambazo mtu huzipata akirithi jeni mbovu mbili, moja kila upande, na ndoa za jamaa hukutanisha hizo mbili kwa urahisi zaidi. Baadhi huharibu umbo la mbegu: vichwa vya mviringo visivyoweza kupenya yai, au mikia mifupi iliyopinda. Mbegu zinahesabika vizuri lakini hazifanyi kazi. Ndugu wawili wa kiume wakiwa na tatizo moja, daktari aambiwe, pamoja na habari ya ndoa ya wazazi.

Na selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huu, na Zanzibar tunawajua majumbani mwetu. Mwenye jeni moja tu ya ugonjwa huu hana shida ya kuzaa kwa sababu hiyo. Mwenye ugonjwa kamili anaweza kupungukiwa na mbegu, kwa ugonjwa wenyewe na pia kwa dawa ya haidroksiurea, ambayo huokoa maisha lakini hupunguza mbegu. Mtu asiiache dawa kwa kusoma hapa. Azungumze na daktari kabla ya kuoa, ikiwezekana mbegu zigandishwe mapema, na mchumba apimwe, maana wawili wenye jeni moja moja wana uwezekano wa asilimia 25 kwa kila mimba kupata mtoto mgonjwa.

Hivi vipimo havifanywi kwa kila mwanamme. Huombwa pale sufuri isipotokana na kuziba, au mbegu zikiwa chini ya milioni 5 kwa mililita. Na damu mara nyingi husafiri, ikavuka bahari kwenda bara au nje ya nchi. Hapo pana jambo dogo lililowahi kuwakosesha watu pesa zao: kariotaipu inataka chembe zilizo hai, damu kwenye chupa yenye heparini, dawa ya kuizuia isigande, isiwekwe kwenye friza na isikawizwe, kwa sababu maabara huzipanda chembe zikue kabla ya kuzitazama. Ya PCR ni stahamilivu zaidi, huwekwa chupa ya EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande. Ukitolewa damu Alhamisi jioni ikangoja boti ya Jumatatu, kariotaipu inaweza kurudi bila jibu. Uliza inaondoka siku gani ndipo utoe mkono.

Jibu likirudi safi lisikudanganye. Kwa wanaume wengi sababu haipatikani hata kwa vipimo vyote hivi. Safi maana yake ni kwamba kasoro zinazojulikana sana hazikuonekana.

Tuje kwenye tiba. Bomba lililoziba, mara nyingine hushonwa upya, na mara nyingine mbegu huvutwa kwa sindano. Kwa kisima, upo upasuaji uitwao maikro-TESE, alioueleza daktari Peter Schlegel wa New York mwaka 1999. Korodani hufunguliwa, na chini ya hadubini ya upasuaji daktari hutafuta vijifereji vilivyonenepa kuliko wenzake, kwa sababu kisima kikavu kinaweza kuwa na kichemchemi kimoja pembeni. Akipata mbegu, hata kumi, zinaweza kugandishwa.

Mbegu kumi haziwezi kuogelea zikafika. Hapo huingia ICSI, njia iliyotangazwa Brussels mwaka 1992: mbegu moja inadungwa ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Lakini yai lazima litoke kwa mke. Atachomwa sindano za homoni kwa siku kumi hivi au kumi na mbili, mayai yatolewe, kisha kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kirudishwe. Mwenye tatizo ni mume, mwenye kudungwa ni mke, na hilo mume alijue kwa moyo wake. Gharama ni mamilioni ya shilingi, kliniki ziko Dar es Salaam na Nairobi, na mzunguko mmoja mara nyingi haufaulu. Umri wa mke una uzito kuliko karibu kila kitu kingine, na ndiyo sababu miaka sita ya kumpima yeye peke yake inauma.

Watu huuliza kama ni halali. Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa likatoa uamuzi Amman mwaka 1986: yai la mke na mbegu ya mume, ndani ya ndoa iliyo hai, likarudi kwenye tumbo la mke huyo huyo, inaruhusiwa kwa haja. Mbegu ya mwanamme mwingine hairuhusiwi, wala tumbo la kukodi. Sababu ni nasaba, isichanganyike. Kwa hiyo kwa Muislamu aliyekosa AZFa, wale wa ng'ambo wanaoambiwa "chukua mbegu za benki" wana njia ambayo yeye hana. Kwake iliyobaki ni kulea yatima akabaki na jina la babake, jambo ambalo nyumba nyingi za hapa zimelifanya tangu zamani bila hata kuandikiana. Na kliniki iulizwe waziwazi inavyoweka majina kwenye vichupa, nani anahakiki, na mbegu zilizogandishwa zinafanywaje mume akifariki au ndoa ikivunjika.

Jibu la mtoto wa ami yangu lilirudi baada ya wiki tano. Kariotaipu 46, XY, ya kawaida. Y imekosa AZFc.

Nilivuka kwenda Pemba kumweleza, sikutaka kulisema hili kwa simu. Tulikaa watatu, yeye, shemeji na mimi. Niliwaambia bahati ya kupata mbegu ni kama nusu kwa nusu. Niliwaambia pia lile ambalo lazima lisemwe kabla ya ICSI: mtoto wa kike hatarithi chochote katika hili, lakini kila mtoto wa kiume atarithi ile Y kama ilivyo, na huenda akiwa mkubwa akakuta sufuri ile ile. Wako wanandoa ambao, wakijua hivyo, huomba kiinitete kichaguliwe kwa jinsia, na wako wasiotaka kugusa hilo. Uamuzi ni wao na sheikh wao.

Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mtoto huyo wa kiume angekuwa na njia yoyote. Nikamwambia ana njia ambayo yeye hakuwa nayo. Kwa waliokosa AZFc mbegu huweza kupungua kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo kijana akipimwa mapema, anapokuwa mtu mzima tu, huenda bado zimo chache kwenye manii, zikagandishwa bila kupasuliwa.

Shemeji ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshika kile cheti cha mwanzo, anakinyoosha mikunjo yake kwenye goti. "Basi hiki tusikitupe," akasema. "Tutakiweka pamoja na cheti chake cha kuzaliwa."